Kulazimisha Windows 11, kubaki na 10 au kuhamia Linux? Nisaidieni kabla ya Juni

kipepeo254
Wadau, hamjambo. Laptopu yangu inanitolea ujumbe kila asubuhi kwamba Windows 10 haihudumiwi tena, na nikijaribu kwenda 11 naambiwa mashine haifai. Fundi wa kwanza kasema tuilazimishe 11. Wa pili kasema Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Kijana wangu anasema niachane nayo, mbona inafanya kazi. Nina elfu thelathini nimeziweka kando, lakini sitaki kuzitoa kama si lazima. Mliokwisha kupita hapa mlifanyaje?

fundi_wa_ghorofani
Dada, mgonjwa hatibiwi kwa simu. Mashine ni gani? Prosesa? RAM ngapi? Ina SSD au diski ya kuzunguka? Na kazi yake ni ipi? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha utuwekee hapa mstari wa Processor na ule wa BIOS Mode.

mintmilele
Hata kabla hajajibu, mimi nasema Linux Mint. Ni bure, Mint 22 inahudumiwa hadi 2029, na haikuulizi umri wa prosesa. Unaiandika kwenye fleshi, unaiwasha kutoka hapo hapo na kuijaribu siku nzima bila kugusa diski. Ukiipenda ndipo unaiweka.

mhasibu_mstaafu
Bwana Mint, kila anayeuliza hapa unampa jibu hilo hilo. Ngoja kwanza tujue mama anafanya kazi gani.

kipepeo254
Samahanini, nilikuwa na wateja. Ni HP EliteBook 840 G3, i5-6300U, RAM 8, SSD 256. BIOS Mode imeandikwa Legacy. Nina kibanda Umoja: natoa nakala, nachapa barua na CV, na msimu huu mpaka tarehe 30 Juni karibu kazi yote ni ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Printa ni LaserJet P1102.

fundi_wa_ghorofani
Hapo sasa tunaongea. Kwa prosesa za umri wa yako, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 6300U ni kizazi cha sita. Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha nane, TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inapowaka). Na hiyo Legacy, yaani kuwaka kwa mtindo wa zamani, maana yake Secure Boot haiwezi kuwaka mpaka mpangilio wa diski ugeuzwe kutoka MBR wa zamani kwenda GPT mpya. Kugeuza kunawezekana bila kufuta faili, ila usithubutu kabla hujatoa nakala ya kila kitu.

Kulazimisha kunawezekana pia. Ukitengeneza fleshi ya kusakinishia kwa programu ya Rufus, inakuuliza kama uondoe vizuizi hivyo. Nimewafanyia wateja kadhaa wenye G3 kama yako, na kwa RAM 8 na SSD inakwenda bila shida. Tatizo ni baadaye: Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, na toleo kubwa la kila mwaka halijileti lenyewe. Utarudi kwangu na fleshi kila mwaka.

Kuna njia ambayo mafundi wako hawakuitaja. Huduma ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft inatoa masasisho ya usalama ya ziada hadi 13 Oktoba 2026. Uwe na toleo la 22H2, uingie kwa akaunti ya Microsoft, na ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye wingu hulipi chochote. Usipotaka hivyo, ni dola 30. Inakuvusha Juni bila kugusa mashine.

mpigapicha_rongai
Fundi amesema uingie kwa akaunti ya Microsoft. Naomba nisimulie yaliyonipata, maana yameanzia hapo hapo.

Nilinunua Dell Latitude 7490 kwenye duka moja pale Luthuli Avenue, mtumba kutoka Uingereza, safi kabisa. Nikaikuta imeshawekewa Windows, jina la mtumiaji limeandikwa "User", nikaanza kazi siku ile ile. Mwaka na nusu sikuona tatizo. Siku moja nikaamua kuhamia 11, na kwa kuwa prosesa yake ni kizazi cha nane nilijua sitasumbuka. Nikasoma mahali kwamba ni vizuri kusasisha BIOS, programu ya kuwashia mashine, kwanza. Nikasasisha. Mashine ikajizima, ikawaka, ikaleta skrini ya buluu: weka ufunguo wa BitLocker, tarakimu 48.

BitLocker ni usimbaji, kufuli la Windows la kufunga diski nzima, na mimi sikuwahi kuiweka maishani mwangu. Nikaingia kwenye akaunti yangu ya Microsoft, hakuna kitu. Usiku wa manane ndipo nikaelewa: aliyeniuzia aliiandaa ile mashine kwa akaunti yake mwenyewe, usimbaji ukajiwasha kimyakimya, na ufunguo ukaenda kwake. Asubuhi nikaenda Luthuli. Lile duka sasa linauza vifuniko vya simu. Namba yake haipatikani. Jirani yake aliniambia alihamia Eldoret, mwingine akasema Kisumu.

Ndani mlikuwa na picha za harusi mbili nilizokuwa bado sijawakabidhi wenyewe. Fundi wa kwanza alinichukulia pesa akidai ataifungua. Hakuna wa kuifungua bila zile tarakimu, asikudanganye mtu. Ikabidi nifute diski yote. Bibi harusi mmoja alinielewa. Wa pili mama yake alinipigia simu, na mpaka leo nikipita mtaa ule naumia moyo.

Kwa hiyo dada, kabla ya sasisho lolote, angalia Settings, kisha Accounts, uone barua pepe iliyopo ni ya nani.

jirani_mwema
Pole sana ndugu yangu. Hii sijawahi kuisikia.

mhasibu_mstaafu
Pole, mpigapicha. Sasa nirudi kwa kipepeo. Fomu ya ritani ya KRA ya kupakua ni Excel yenye makro, yaani programu ndogo ndani yake: unaruhusu makro, unajaza, inajikagua, kisha inakutengenezea faili la zip la kupeleka iTax, tovuti ya KRA. Excel ya kusakinisha haipo kwa Linux. Mteja akija na P9 yake, fomu ya mshahara na kodi kutoka kwa mwajiri, pamoja na mapato ya nyumba ya kupanga, utamwambia nini tarehe 29 Juni foleni imefika barabarani?

mintmilele
Ritani ya sufuri, ya asiye na mapato, inajazwa mtandaoni bila Excel. Na anaweza kuziweka zote mbili, Windows upande mmoja na Mint upande mwingine.

mhasibu_mstaafu
SSD ya 256 uikate vipande viwili, halafu kila mteja akija azime na kuwasha? Na ile P1102 kwenye Linux inataka programu-jalizi ya HP ipakuliwe kando. Mimi siipingi Mint. Napinga kumhamisha mfanyabiashara katikati ya msimu wake wa mavuno.

mintmilele
Programu-jalizi ni dakika tano. Lakini kuhusu msimu nakubali. Julai basi.

jirani_mwema
Kwani akiweka antivirasi nzuri akabaki na 10 yake bila kujisajili popote, kuna ubaya gani? Mimi ndivyo nilivyofanya.

fundi_wa_ghorofani
Antivirasi ni mlinzi wa getini. Sasisho la usalama ni kuziba tundu la ukutani. Na huyu anafungua fleshi za watu baki kutwa nzima, tena anashika PIN za KRA na vitambulisho vya watu. Asikae bila masasisho.

jirani_mwema
Sawa, nimeelewa. Nyongeza moja tu: ukisasisha, hakikisha tokeni za stima zipo na betri inashika chaji. Yangu ilizimika katikati, ikatumia saa tatu kujirudisha ilipokuwa.

kipepeo254
Nimetoka kuangalia Accounts. Kuna barua pepe nisiyoijua kabisa. Mpigapicha, mikono inanitetemeka.

mpigapicha_rongai
Usiizime! Nakili faili zako zote kwenye diski ya nje sasa hivi, kabla ya jambo lingine lolote.

fundi_wa_ghorofani
Nakili, ndiyo, ila tulia. Kwenye Legacy ule usimbaji wa kujiwasha wenyewe kwa kawaida hauwaki. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status, utuletee ilichosema. Kisha tengeneza akaunti mpya yako yenye haki za msimamizi. Ile ya mgeni tutaitoa baadaye, si leo.

kipepeo254
Imesema Fully Decrypted. Faili zinanakiliwa, zimebaki dakika arobaini. Kuhusu kununua nyingine, hiyo elfu thelathini itapata kizazi cha nane?

mhasibu_mstaafu
Mimi nilipata 840 G5 kwa karibu hapo, lakini niliambiwa elfu thelathini na nane mwanzo. Soma namba ya prosesa mwenyewe, kuna G5 zenye kizazi cha saba.

jirani_mwema
Samahani nikitoka nje ya mada kidogo. Hivi Windows inaweza kuwekwa Kiswahili? Mama yangu angeitumia.

fundi_wa_ghorofani
Windows 10 inaweza. Settings, Time & Language, ongeza Kiswahili, kisha utoke na kuingia tena. Sehemu chache zitabaki Kiingereza.

mintmilele
Mint pia, ila Kiswahili chake bado kina mapengo mengi. Mwenye muda aje tutafsiri.