Wauza vitenge, yadi ina inchi 36, siyo 33!

Wakuu, tumechoka. Pisi ya kitenge inauzwa kwa jina la yadi 6, yaani inchi 216. Sasa itandike, pitisha futi ukingoni mwanzo hadi mwisho, uone utakachokuta.

Ujanja uko kwenye mikunjo. Muuzaji anakuhesabia mbele ya macho yako, moja, mbili, mpaka sita, unaridhika. Kumbe kila mkunjo una inchi 33. Jumla 198. Inchi 18 zimeyeyuka, nusu yadi nzima! Kwa anayejishonea gauni refu, hiyo ndiyo mikono. Kwa mshona mikoba, hiyo ndiyo mikanda miwili pamoja na mfuko wa ndani. Na pamba ikifuliwa mara ya kwanza inarudi. Ikirudi asilimia 5 tu, umebaki na inchi 188.

Tena nimesema pamba, kama ni pamba kweli! Yale maandishi ya ukingoni, "pamba asilimia 100", msiyaamini. Chomoa nyuzi chache uzichome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inajikunyata, inayeyuka, ikipoa inaacha kishanga cheusi kigumu. Kwa mkoba hili ni balaa, maana kile kitambaa cha gundi cha kukazia ndani kinataka pasi ya moto, uikandamize sekunde 10 hadi 15 bila kuisogeza. Poliesta inang'aa na kujikunja kabla gundi haijashika. Ukipunguza moto, gundi inashika juujuu, baada ya wiki mbili mkoba umejaa mapovu. Anayetukanwa ni fundi.

Linaloudhi kuliko yote ni maua yaliyochapwa kombo. Kata ncha ya inchi moja ukingoni kisha chana kwa mkono. Pamba huchanika kwa kufuata uzi. Utaona mstari wa maua umeshuka inchi 2 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukikata kwa kufuata uzi, maua hayakutani kwenye zipu ya mgongoni. Ukikata kwa kufuata maua, gauni linajisokota mwilini baada ya kufuliwa mara mbili. Gauni fuateni uzi, liwalo na liwe. Mkoba fuateni maua, gundi itaushikilia.

Ukirudisha unaambiwa, "Ndivyo kinavyotoka kiwandani, dada." Sawa. Na nyie wa kuuza kwa kupima, ile fimbo ya yadi iliyokatwa ncha nayo imetoka kiwandani?