Fundi kaniunguzia visu vya mashine ya majani, halafu anasingizia mawe

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Niko Misungwi, nafuga ng'ombe wa maziwa 11. Nina mashine ya kukatia majani inayofungwa nyuma ya trekta, ya madramu mawili yanayozunguka, kila dramu visu vitatu. Mvua zimekata, majani yangu ya Rhodes yameanza kuchanua, huu ndio wakati wa kukata. Ukichelewa unafunga marobota ya mabua. Visu vilikuwa butu kabisa: majani yanachanwa badala ya kukatwa, mashina yanabaki nyuzinyuzi, na trekta linakunywa dizeli kama halina akili.

Nikavipeleka mjini kwa fundi mmoja (simtaji). Nikamwambia, fundi, polepole na grenda, chovya kwenye maji kila mara. Akanijibu, "Mzee, hii kazi nimeianza wewe hujanunua hata ndama." Elfu 30 yangu akaweka mfukoni.

Vikarudi vinang'aa. Ila pembeni ya makali kuna mstari wa bluu, kama mafuta yakimwagika juu ya dimbwi. Anayejua chuma anajua, hapo kimeshaungua, ugumu umekwisha. Niliuona huo mstari, nikajipa moyo. Hilo ni kosa langu. Ekari moja haijaisha, makali yamejikunja kama kizibo cha soda.

Na hayo ni madogo. Dramu la kulia kisu kimoja kakila na grenda mpaka kimebaki chembamba, wenzake wawili wana unene wao. Jamani, visu vya dramu moja lazima vilingane uzito, kimoja kikiisha unabadilisha vyote! Mashine ikaanza kutetemeka, dereva anasema meno yanagongana. Kumbe na pini inayoshikilia kisu hicho ilikuwa imelika nusu, fundi kaiona kwa macho yake akairudishia vilevile. Kisu kikachomoka, kikapasua turubai la kinga, kikaenda kujikita kwenye mwembe. Kijana wangu wa ng'ombe alikuwa ametoka kupita pale pale na ndoo.

Nampigia simu, ananiambia, "Mzee, Mwanza mawe mengi."

Mawe! Mawe nimezaliwa nayo, nayajua. Jiwe linatoa pengo kwenye kisu, au linakipinda. Jiwe gani linapaka chuma rangi ya bluu? Tena huwa nakata nikiacha kama sentimita saba juu ya ardhi, kwa sababu ya mawe hayo hayo.

Jana nimenunua visu vipya sita na pini zake, nimevifunga mwenyewe, trekta limezimwa, ufunguo mfukoni. Nusu ya shamba bado imesimama na wingu linakuja kutoka ziwani. Fundi sasa hapokei simu kabisa.

Mwenye kumjua mtu anayenoa kwa jiwe la maji, kuanzia Usagara mpaka Igoma, aje PM. Wa grenda kavu asinisogelee.