Programu ya nakala rudufu imeniandikia "imekamilika" kwa miezi minane, kumbe flashi yangu haikuwahi kuisoma hata siku moja

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi isinipotoshe kwenye maelezo, kwa sababu ningependa kila mwenye flashi au diski ya nje yenye mfumo wa mafaili usiozoeleka asome uzi huu kabla hayajamkuta yaliyonikuta.

Nina flashi ya gigabaiti 128 ambayo niliifomati kwa ext4, mfumo wa mafaili (yaani namna ya kupanga mafaili kwenye diski) wa Linux, kwa kuwa kazi zangu nyingi nazifanya kwenye Linux. Ndani yake mlikuwa na rekodi 41 za mahojiano, kila moja karibu saa nzima. Kompyuta ninayoitumia kuhifadhi nakala ni ya Windows, na humo niliweka programu ya kulipia, nikaichagua flashi hiyo kwenye orodha ya diski na kuipangia nakala ya kila wiki. Programu iliionyesha flashi bila shida yoyote, ikiwa na ukubwa wake sahihi, na kila Jumapili ilinitumia ripoti yenye tiki ya kijani. Nilikusanya ripoti 34 za namna hiyo.

Mwezi uliopita nilifuta folda ya rekodi kwa makosa yangu mwenyewe, na hilo silikwepi. Sikushtuka, kwani nilijua nina nakala. Nilipoifungua nikakuta folda moja yenye jina la flashi, na ndani yake hamna kitu. Nikafungua za wiki zilizotangulia, nazo zilikuwa tupu vilevile. Maelezo niliyapata mwishowe kwenye faili la kumbukumbu za programu, ambalo halifunguki mpaka upite menyu tatu: mstari mmoja wa rangi ya kijivu uliosema kwamba mfumo wa mafaili haukutambuliwa na kwa hiyo sehemu hiyo ya diski imerukwa. Imerukwa! Kazi iliyorukwa nzima imeandikiwa kwamba imekamilika, na aliyeandika msimbo huo aliona inatosha.

Niliwasiliana na huduma kwa wateja. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba flashi imekufa. Ushahidi wao ni kwamba Windows huniambia niifomati kila ninapoichomeka. Huo si ushahidi wa kifo cha flashi. Windows yenyewe haisomi ext4, hivyo huiona sehemu hiyo kama eneo lisilo na mpangilio, huiita RAW, na kupendekeza kufomati. Ukiichomeka flashi hiyohiyo kwenye Linux na kuandika lsblk -f, amri inayoorodhesha diski na mifumo yake ya mafaili, unaona ext4 imetajwa wazi pamoja na jina ulilolipa. Tofauti kati ya diski mbovu na diski isiyoeleweka ndiyo hatua ya kwanza kabisa ya kutafuta tatizo, na inasikitisha kwamba mteja ndiye aliyelazimika kuwafundisha.

Jibu la pili ndilo lililonitoa machozi: niibadilishe flashi iwe exFAT, mfumo wa mafaili ambao Windows inausoma, kisha nakala zitakwenda vizuri. Hakuna aliyeniambia kwamba kubadilisha huko ni kufomati, na kwamba ningekuwa nimefuta hata mabaki niliyokuwa nikitarajia kuyaokoa. Tena exFAT haihifadhi mmiliki wa faili wala ruhusa zake, na haina jarida, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yanayoandikwa, la kuilinda pale flashi inapochomolewa ghafla. Kuna watu wanaoitumia ext4 kwa sababu hizo hasa, si kwa ukaidi.

Jibu la tatu lilikaribia ukweli: niwashe nakala ya sekta kwa sekta, ambayo haijali mfumo wa mafaili kwa sababu inasoma diski yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kweli inafanya kazi, ila lazima ujue gharama yake. Nilikuwa na takriban gigabaiti 13 za data, lakini programu ilitaka kusoma gigabaiti zote 128, nafasi tupu zikiwemo. Ilipofika gigabaiti 4 ikasimama na kudai kwamba nafasi haitoshi, ilhali diski niliyokuwa nikiandikia ilikuwa na zaidi ya gigabaiti 600 zilizo wazi. Nilipoteza jioni nzima kabla sijagundua kwamba diski hiyo ya kupokelea ilikuwa FAT32, mfumo wa mafaili wa zamani ambao haukubali faili moja kufikia gigabaiti 4 hata kama diski yenyewe ni tupu. Kwa hiyo programu hii haiangalii mfumo wa mafaili wa diski inayosomwa, wala wa diski inayoandikiwa, na ikikwama kwenye wowote kati ya hiyo miwili inakupa sababu isiyo ya kweli.

Hatimaye niliachana nayo. Kwenye Linux nilitengeneza taswira (nakala kamili iliyo faili moja) ya flashi nzima kwa amri ya dd, nikaiweka flashi kando, na kazi yote ya uokoaji nikaifanya juu ya taswira hiyo. Nasisitiza hapa, kwa sababu wengi huanza kujaribu kwenye flashi yenyewe: mfumo wa ext4 ambao haukufungwa vizuri unaweza kuandika kutoka kwenye jarida lake hata ukiufungua kwa hali ya kusoma tu, isipokuwa uongeze chaguo la noload, linalozuia jarida lisitumike. PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, ilinirudishia rekodi 29. Programu hiyo hutambua mafaili kwa alama za aina yake, si kwa orodha ya folda, kwa hiyo majina yote yalipotea. Sasa nina mafaili yanayoitwa f0482176.wav na mengine ya aina hiyo, na kila usiku nasikiliza mwanzo wa moja baada ya jingine nikijaribu kuitambua sauti ya anayezungumza. Rekodi 12 hazijaonekana.

Sidai kwamba kila programu lazima isome kila mfumo wa mafaili uliopo duniani. Ninachodai ni kwamba ile isiyoweza ikatae tangu siku ninapoichagua diski, kwa maandishi mekundu yasiyohitaji kutafutwa, na isithubutu kuweka tiki mbele ya kazi ambayo haikuifanya. Hilo nimewaandikia mara mbili. Mara zote mbili nimejibiwa kwamba ext4 haimo kwenye orodha ya mifumo wanayoihudumia, jambo ambalo sikuwahi kulibishia.

Kwa sasa ninafungasha mafaili kwa tar moja kwa moja kutoka Linux, ili ruhusa zibaki, na ninalinganisha sha256sum (alama za kuhakiki kwamba mafaili ni yaleyale) za pande zote mbili kabla ya kuchomoa chochote. Kinachokosekana ni ratiba inayojiendesha kwenye ile kompyuta ya Windows. Mwenye programu inayosoma ext4 humo, faili kwa faili, bila kulazimisha nakala ya diski nzima, naomba aitaje hapa chini. Ila aitaje ikiwa tu yeye mwenyewe amewahi kurejesha faili kutoka kwenye nakala zake na likafunguka.