Mdahalo wa urais Kenya: mbona si kwa Kiswahili?

Wadau, tujadili hili kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto. Mimi nasema mdahalo wa urais kwenye runinga ufanyike kwa Kiswahili. Ile ya 2013, 2017 na 2022 iliendeshwa hasa kwa Kiingereza, ilhali kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Kumbukeni Februari 2013. Uhuru Kenyatta aliulizwa ataongozaje nchi akiwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague. Akajibu kwamba hiyo ni changamoto yake binafsi. Mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu, yaliyotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilizoua watu zaidi ya 1,100, yakageuzwa shida ya mtu mmoja na familia yake! Raila Odinga naye akarusha kijembe kuwa ni vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Watu wakashika kijembe, na swali lenyewe likapotea.

Mwaka 2022 William Ruto alisimama jukwaani peke yake, maana Raila alikataa kuja. Huko vijijini alikuwa akiita watu kwa kazi zao: mama mboga, mtu wa boda boda, hustler (yaani anayehangaikia riziki). Ukiitwa kwa kazi yako unajiona umetambuliwa, na hapo kura imeshaanza kwenda. Lakini siku ya kuulizwa pesa za kutimiza ahadi zake kwao zitatoka wapi, mazungumzo yakahamia Kiingereza. Yaani kura tunaombwa kwa Kiswahili, hesabu tunapewa kwa Kiingereza. Hilo ndilo linaloniuma.

Najua kuna watakaosema Kiswahili nacho kina mafumbo na porojo za kutosha. Ni kweli. Tofauti ni kwamba mama mboga akizungushwa kwa Kiswahili atajua anazungushwa. Na wale wanaodai istilahi za uchumi hazipo, wasikilize taarifa ya habari ya saa moja jioni: deni, riba, ushuru, bajeti, mfumuko wa bei, yote yanaelezwa kila siku bila shida.

Hoja ngumu kwangu ni ya jirani zetu wanaotumia zaidi lugha za mama, hasa wazee. Kwao nadhani wakalimani kwenye redio za jamii wangesaidia, ila sijaridhika na jibu hilo. Nyinyi mnaonaje? Na anayetetea Kiingereza, atuambie kinamsaidia mpiga kura yupi.