Dishi ya setilaiti kwa kambi ya mafuriko Bunyala: ni pesa ya maana ama tununue injini ya boti?

Mnyala_wa_Mto:
Wadau habari za jioni. Mimi ni wa Bunyala, kule chini Nzoia inaingia ziwani. Wenye mnatoka huku mnajua vile huwa, maji yanapanda, tuta linapasuka mahali, watu wanabeba magodoro na kuku wanaenda shule iliyo juu kidogo, na haipiti muda stima imepotea, busta ya simu nayo inamaliza betri zake na mafuta ya jenereta hayawezi kufika kwa sababu barabara iko ndani ya maji, so unabaki na simu ya kumulika tu. Wa nje hawajui nani yuko kambi gani, sisi nasi hatujui kama dawa ziko njiani. Sasa chama chetu na vijana wetu walio Nairobi na Qatar wamechanga, na mjadala umekuwa moto, vijana wanataka Starlink Mini, ile dishi ndogo ya intaneti ya setilaiti, tuweke hapo shule, wazee wanasema pesa iende kwa injini ya boti. Mwenye ametumia hii kitu mashinani anisaidie. Inashika wakati wa mvua kweli? Inakula stima kiasi gani? Na waifai inafika wapi ama ni ya watu watano wamekalia dishi?

FundiSola_Kakamega:
Ndugu, mtandao utapata, setilaiti zenyewe ziko kama kilomita 550 juu na haziulizi kama busta yenu imezama. Mvua ya kawaida haina neno, ile nzito ya mawingu meusi inaweza kukukata dakika kadhaa halafu inarudi. Chenye kitakuangusha ni betri. Dishi kubwa inakula wati 75 hadi 100, Mini ni 25 hadi 40. Sasa chukua betri ya 12V ya 100Ah, hiyo ni wati-saa 1,200 kwa karatasi, lakini kama ni ile ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, so uko na 600, Mini itaenda saa 15 hivi. Lithiamu itakupeleka saa 24 na zaidi. Sawa, umefurahi? Ngoja sasa. Kambi nzima inakuja kuchaji simu. Simu moja ya siku hizi inameza kama wati-saa 20 ikitoka sufuri, ukiongeza zenye zinapotea kwa inverta, ile mashine ya kugeuza stima ya betri iwe kama ya nyumba, weka 25, so simu 24 zimekula hizo 600 zako zote na dishi imezima. Hapo ndio miradi mingi hufia. Tenganisha, betri ya dishi iwe peke yake imefungiwa, ya simu iwe ingine na paneli yake, na mafuriko huja na mawingu kwa hivyo usipige hesabu ya paneli kama ni Januari. Mini inakubali DC, yaani stima ya moja kwa moja ya betri, ya 12V mpaka 48V so achana na inverta kabisa, ila waya ikiwa ndefu na nyembamba volti inaanguka na utaona dishi inajizima na kuwaka, watu waseme setilaiti ni mbaya kumbe ni waya ya shilingi mia mbili.

Kufika, ndani ya darasa la mawe na mabati waifai inachoka haraka, uwanjani bila kizuizi utapata mita thelathini na kitu. Hiyo ni yadi ya shule, sio kijiji.

NyarKano:
Kaka pole sana, sisi wa Nyando tunaelewa, 2024 kutoka Machi mpaka Mei tulionja. Nilikuwa najitolea kambi moja upande wa Ahero na mimi sitaongelea waya, nitaongelea watu. Ukiwasha hiyo kitu bila mpango vijana wanaingia TikTok na mama mwenye anatafuta mtoto wake aliyebaki kwa shangazi hapati hata kutuma ujumbe. Paswadi ishikwe na mtu mmoja mkali, mwalimu wa kike ikiwezekana 😂, na ibadilishwe kila asubuhi. Kazi ya kwanza ni orodha, majina ya wenye wako kambini na wenye hawajaonekana, inapigwa picha inaenda kwa chifu na kwa Red Cross. Ya pili, na hii hakuna mtu hufikiria mpaka siku ya tatu, ni watu wa dawa za kila siku. Mtu wa ARV, wa sukari, wa presha, wa kifafa, alikimbia na watoto hakukimbia na pakiti. Ukiweza kuandikia kliniki "tuna watu kadhaa wa dawa fulani", hiyo boti inakuja ikiwa imebeba kitu ya maana badala ya biskuti. Na wengine hawataki majirani wajue wanatumia nini so hiyo orodha isiwekwe kwa grupu ya kijiji tafadhali!!

Pia mjue M-Pesa ya menyu ya laini haipiti waifai. Watu wataona intaneti iko na watafikiri pesa itaingia, waambieni mapema.

Mzee_wa_Rongai:
Vijana, mnapenda vyombo. Mnakumbuka yale mabaluni ya Loon? Julai 2020 tukaambiwa intaneti itatoka angani kilomita 20 juu, Nakuru, Baringo, Kisumu, Kakamega, kote huko. Januari 2021 kampuni ikatangaza inafunga. Sisemi setilaiti ni baluni, hata kile kituo cha madishi cha Longonot hapa kwetu kimeongea na setilaiti tangu 1970, nasema usiweke roho ya kijiji kwa kitu kimoja chenye mwenyewe yuko Marekani. Tarehe 24 Julai 2025 hiyo Starlink ilipotea dunia nzima kwa kama saa mbili na nusu. Ingekuwa usiku wa maji je?

Na swali langu kubwa, dishi inawaonya nani? Solai 2018 bwawa lilipasuka usiku, Mai Mahiu Aprili 2024 maji yakakuta watu wamelala. Hapo ukiwa na intaneti ya kasi ya ajabu umelala nayo tu. Nzoia inatoka Cherangani na Elgon, mvua ikinyesha kule ninyi bado mko kwa jua, kwa hivyo mnayo nafasi ya kujua mapema kuliko watu wa Mai Mahiu, lakini lazima kuwe na mtu amepewa kazi ya kupokea habari ya mto kutoka juu na kuipeleka kwa redio na kwa mdomo. Si mko na Bulala FM hapo Budalangi? Hiyo iko kwa kila jikoni. Mimi niko na wazee, injini kwanza.

Mnyala_wa_Mto:
Mzee shikamoo na asante, umenipiga mahali pazuri. Boti tuko nayo moja na injini yake ni ya kuomba, hiyo ni kweli. @NyarKano hiyo ya dawa sikuwa nimeifikiria hata kidogo, nitaipeleka kwa mkutano Jumapili. @Fundi na malipo ya mwezi je? Kiangazi hatuna haja nayo.

FundiSola_Kakamega:
Bei zinasonga, 2024 Mini ilikuwa karibu 27,000 na kifurushi cha GB 50 kikiwa 1,300 kwa mwezi, angalia ya leo kabla hujaahidi mtu. Uliza kama unaweza kusimamisha na kurudisha bila kupoteza nafasi. Maoni yangu isilale stoo, kitu ya kulala stoo siku ya maji utakuta panya wamekula waya na hakuna anayejua paswadi ya akaunti. Waachie walimu waitumie mwaka mzima na shule ichangie hiyo ya mwezi, injini mtanunua na salio.

Alafu kabla ya kununua pakua programu yao, simama mahali unataka kuweka na uelekeze kamera juu, itakuonyesha kama miti inaziba. Hiyo shule iko na maembe?

Mnyala_wa_Mto:
Iko na maembe mawili makubwa, na hedi hawezi kubali yakatwe 😅

FundiSola_Kakamega:
Usikate. Weka kwa nguzo nyuma ya jiko mbali na miti, na upige nguzo eathi, ile waya ya kupeleka radi ardhini, radi ya huko ziwani si ya mchezo. Nitumie picha inboksi.