Nondo wa mahindi mwenye pua ndefu: huyu ni Chilo au Busseola?

Mkulima_Muheza: Wakuu habari za leo. Mahindi yangu yalikauka kiini cha katikati, nikapasua mabua nikakuta viwavi, nikawafuga kwenye chupa na vipande vya bua mpaka wametoka nondo wawili. Rangi ya majani makavu, na mbele ya kichwa kimechomoza kitu kama mdomo wa ndege. Jirani anasema ni bungua (mdudu anayetoboa mabua) aina ya Busseola, mwingine Chilo, tena nasoma sehemu moja Chilo ni familia ya Pyralidae sehemu nyingine Crambidae. Naomba msaada.

Bungua_Hunter: Busseola mtoe mkuu, yule ni wa familia nyingine, Noctuidae, na hana pua hiyo. Hiyo pua yenyewe ni palpi mbili (vipapasio vya mdomoni) zimelala kuelekea mbele. Kama una kiwavi amebaki mgeuze, chukua lenzi uangalie miguu ya tumboni, ile minene. Kwa Chilo vindoano vya unyayo vimezunguka duara kamili, Busseola na Sesamia (bungua mwingine wa Noctuidae) vimejipanga upande mmoja tu kama mwezi mchanga.

Mama_Wadudu: Kuhusu familia, zamani Chilo alikuwa ndani ya Pyralidae, siku hizi wengi wanamweka Crambidae na sababu iko masikioni. Nondo hawa wana masikio mwanzo wa tumbo kwa chini, Crambidae sikio limefunguka mbele na lina kikunjo cha ngozi, Pyralidae limefungwa na kikunjo hakuna. Ndo maana Eldana wa kwenye miwa, ambaye naye anatoboa mabua vilevile, kabaki Pyralidae. Kwa hiyo pua peke yake usiiamini, familia zote mbili wanayo.

Bungua_Hunter: Nakazia hapo. Na kwa pwani usiishie kwenye jenasi, kuna Chilo partellus aliyetoka Asia na Chilo orichalcociliellus wa kwetu wa asili, na mgeni amemsukuma sana mwenyeji. Mabawa yanadanganya magamba yakishafutika, inabidi ukate ncha ya tumbo la dume, uichemshe kwenye potasi uangalie viungo vya uzazi kwa hadubini. Mtaalamu wa nondo Bleszynski aliporekebisha jenasi yote 1970 alitegemea hivyo viungo. Jina sahihi lina faida, yule kinyigu Cotesia flavipes, anayetaga mayai ndani ya viwavi na kuwaua, aliyeachiwa pwani ya Kenya 1993 aliletwa kwa ajili ya partellus.

Mkulima_Muheza: Asanteni sana. Kiwavi mmoja yupo hai, nimemuangalia sasa hivi, duara kamili! Nondo nimewaweka kwenye spiriti na karatasi ya tarehe, kijiji na zao.