Tupeane uzoefu: unachaguaje bia ya krafti dukani hapa Nairobi?

Kimea

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni wa wale wanaosimama mbele ya friji ya bia za krafti, zile za viwanda vidogo, wanazungusha macho dakika kumi, kisha wanaondoka na mkebe uliochorwa vizuri kuliko mingine. Nairobi sasa kuna za kuchagua: Sierra, 254, Bateleur, na zile za nje zinazoshushwa Mombasa. Bei yake inaizidi ya Tusker kwa mbali, kwa hiyo ukikosea, mfuko unauma. Kila mwenye ujuzi aseme anachokagua, kwa undani, ili anayeingia dukani Ijumaa jioni ajue pa kushika.

Naanza na tarehe. Viwanda vikubwa huipitisha bia kwenye joto ili kuua hamira na vijidudu vilivyobaki. Viwanda vidogo vingi havifanyi hivyo, na bia yao hubaki na ladha kamili lakini haivumilii kukaa. Basi geuza mkebe uangalie kitako. Kwenye chupa tafuta shingoni, kwenye kizibo au ukingoni mwa lebo. Mara nyingi ni wino hafifu wa nukta nukta, uinamishe kwenye taa ndipo usome. MFG au PKD ni siku ya kutengenezwa au kujazwa. BB au EXP ni mwisho wa muda. Ukikuta ya mwisho peke yake, hesabu kurudi nyuma: viwanda vingi huweka miezi 6, 9 au 12. Mkebe unaoisha mwezi ujao unauzwa kihalali kabisa, lakini umeshakaa miezi mitano au zaidi.

Kwa IPA (bia chungu yenye harufu kali) na “pale ale” (ndugu yake asiye mchungu sana), nisingevuka miezi 3 tangu ijazwe, na tamu yake hasa iko ndani ya wiki 6. Bia ya ngano miezi 4. Laga na stauti (bia nyeusi) ya kawaida miezi 6. Stauti nzito ya asilimia 9 kwenda juu inaweza kukaa mwaka na zaidi, tena ikalainika.

Sababu ni hopsi. Lile ua ndilo linaloleta uchungu na harufu, na harufu ndiyo hutangulia kuondoka. Maembe, ganda la limau, utomvu wa msonobari, vyote hupotea, uchungu ukabaki peke yake bila mwenzake. Baadaye oksijeni kidogo iliyoingia wakati wa kujaza inamalizia kazi, na bia inaonja kama kadibodi iliyolowa. Anayesema IPA ni chungu tu na haina lolote, kuna uwezekano mkubwa alipewa iliyozeeka.

DadaWaKaunta

Kimea, umenena, ila tarehe peke yake hudanganya. Mkebe wa mwezi mmoja uliokaa rafuni karibu na dirisha unaweza kuwa mbaya kuliko wa miezi minne uliolala kwenye baridi. Wapikaji wana hesabu yao ya 3, 30, 300: siku 3 kwenye joto la nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, na sawa na siku 300 kwenye nyuzi 3. Nairobi ya Julai haina neno. Lakini Februari, stoo ya mabati mchana inapanda vibaya, na kreti zilizokaa humo wiki moja zimeshakula maisha yao.

Kwa hiyo muulize muuzaji: “Mzigo huu umeingia lini, na mlikuwa mmeuweka wapi?” Anayeijua mali yake atakujibu bila kufikiri. Akikuambia tu “hiyo ni freshi, bosi”, geuza mkebe mwenyewe. Kuna maduka yanayoweka mikebe miwili mitatu kwenye friji ili ionekane, na shehena yote iko nje kwenye joto. Friji ikiwa na safu moja tu mbele na nyuma tupu, uliza.

Halafu lile swali letu la “moto ama baridi?” Kwa laga ya kiwanda kikubwa, ya moto haina shida. Kwa krafti, jambo la kujua ni imekuwa moto kwa muda gani. Wengine huamini kwamba bia ikitoka friji ikapata joto la kawaida kisha ikarudi baridi imeharibika. Si kweli. Kupanda na kushuka mara moja mbili hakuidhuru. Kinachoidhuru ni jumla ya siku ilizokaa kwenye joto. Kwa hiyo usikatae ya moto iliyojazwa wiki mbili zilizopita ukachukua ya baridi ya miezi saba.

Mwanga nao. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaodhuru. Ya kijani huzuia kidogo, nyeupe karibu haizuii kitu. Mwanga ukiikuta bia, vitamini B2 iliyomo husaidia kuvunja viungo vya uchungu wa hopsi, na hapo huzaliwa harufu ya kicheche. Chupa nyeupe kwenye jua la mchana, dakika chache zinatosha. Taa za friji huchukua muda mrefu zaidi lakini hufika huko huko. Ndiyo maana ni vizuri kunyoosha mkono uchukue ya nyuma ya safu: haijamulikwa, na muuzaji makini hupanga mzigo mpya nyuma, kwa hiyo ndiyo pia changa. Mkebe hauna tatizo la mwanga hata kidogo. Wanaodai una ladha ya bati, ndani yake kuna utando unaotenga bia na chuma. Mimina kwenye glasi na hutaonja chuma chochote.

Kabla ya kulipa, linganisha chupa tatu zilizo pamoja. Bia iwe imefika usawa mmoja shingoni. Iliyopungua, au yenye gundi iliyokauka chini ya kizibo, imevuja na hewa imeingia. Mkebe uliovimba kitako uache pale pale na umwonyeshe mhudumu. Hamira bado inakula sukari humo ndani, hasa zile zilizotiwa matunda, na unaweza kupasuka ukiwa kwenye mfuko.

NganoTupu

Mimi niseme kuhusu aina, maana tarehe nzuri ya bia usiyoipenda haikusaidii.

Usianze na rangi. Wengi hufikiri bia nyeusi ni kali na nyeupe ni laini. Rangi inatokana na kimea (nafaka iliyooteshwa) kilivyokaangwa, basi. Kuna stauti nyeusi tii ya asilimia 4.2 na kuna bia ya dhahabu ya Ubelgiji ya asilimia 8.5. Tafuta namba mbili kwenye lebo: asilimia ya kilevi, na kama imeandikwa, IBU, kipimo cha uchungu. Laga nyingi za kawaida huwa kati ya 8 na 20. “Pale ale” huzunguka 30 hadi 45. IPA 50 hadi 70. Lakini IBU isomeni pamoja na asilimia: stauti nzito yenye IBU 60 haitakukunja uso kama IPA nyepesi ya 60, kwa sababu utamu wa kimea unaubeba uchungu.

Mwenye kuzoea laga za kawaida asirukie IPA. Aanze na “blonde” au pilsna ya krafti, bia nyepesi za dhahabu, ulimi wake utatambua njia. Kisha ngano ya mtindo wa Kijerumani, ambayo hunukia ndizi mbivu na karafuu ingawa hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa. Ni hamira inayofanya hivyo. Ile ya Kibelgiji kweli hutiwa mbegu za giligilani na ganda la chungwa. Zote mbili zina ukungu, na ukungu huo ndio ulivyokusudiwa. Wakati wa kumimina ngano ya Kijerumani, bakiza kidole kimoja chupani, uizungushe ili hamira iliyotuama iinuke, kisha umalizie povu. Kwa laga au “pale ale” yenye mashapo ya chupani, fanya kinyume: mimina taratibu, uyaache chini.

Na chakula? Nyama choma ya mbuzi inataka bia ya kimea kilichokaangwa kidogo, yaani “amber” au ya kahawia, kwa sababu ladha ya sukari iliyoungua inakutana na ukoko wa nyama. Mutura na stauti ni ndugu. Samaki wa kukaanga na kachumbari, chukua ngano. Biriani, ile yenye giligilani. Pilipili na IPA sizipendekezi pamoja: uchungu na kilevi huchochea moto wa pilipili, na mtu anabaki anatafuta maji. Wapo wanaoupenda mchanganyiko huo, sawa, ila wajue kinachowasubiri.

Wanjiku_SitakiUchungu

Samahani, kaka NganoTupu. Asiyetaka uchungu kabisa achukue nini? Na zile zilizoandikwa “sour” ni zimeharibika?

NganoTupu

Dada, achukue ngano, IBU 10 hadi 15. Au stauti ya maziwa: huwekwa sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, kwa hiyo utamu unabaki. Mwenye tumbo lisilopatana na maziwa ajihadhari.

“Sour” hazijaharibika, uchachu wake ni wa kukusudia, bakteria wale wale wa aina ya wanaogandisha mala. Ikiandikwa “gose” ina chumvi kidogo na giligilani. Mwenye kupenda ukwaju ataielewa haraka.

Mkebe440

Upande wa pesa. Usilinganishe bei ya kopo kwa kopo, maana kuna 330, 440 na 500. Gawanya bei kwa mililita. Mfano wa hesabu: chupa ya 330 kwa shilingi 350 ni shilingi 1.06 kwa mililita. Mkebe wa 440 kwa shilingi 420 ni senti 95. Ule ulioonekana ghali ndio rahisi.

Na nguvu pia ihesabiwe. Zidisha ujazo kwa asilimia. Laga ya 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za kilevi safi. IPA ya 440 yenye asilimia 7 ina karibu 31. Mikebe miwili ya namna hiyo ni sawa na laga tatu za chupa kubwa, ingawa mezani inaonekana umekunywa mbili. Mwenye gari alijue hilo kabla ya kukutana na Alkoblow, kile kipimo cha pumzi cha polisi. Tena nguvu inaingia kwenye bei: tangu mabadiliko ya kodi ya Desemba 2024, ushuru wa bia hutozwa kwa kiasi cha kilevi safi kilichomo, si kwa lita tupu.

Msinunue pakiti ya mikebe sita ya bia msiyoijua. Chukueni moja ya kila aina, tatu zinatosha, na mzinywe kuanzia nyepesi kwenda nzito.

Kwa bia za nje kagueni alama ya KEBS (shirika la viwango), na stempu ya KRA (mamlaka ya ushuru) ithibitishwe kwa programu ya Soma Label. Kisha fikirieni safari. Kontena linakaa baharini wiki kadhaa, linangoja Mombasa kwenye joto, kisha linapanda hadi Nairobi. IPA ya Marekani inaweza kufika rafuni ikiwa na miezi minne tayari, na tarehe yake huanza na mwezi: 04/09 ni 9 Aprili. Nyingine zina msimbo wa mwaka na siku. 25125 ni siku ya 125 ya 2025, yaani 5 Mei. Ushauri wangu: IPA na “pale ale” nunueni za hapa hapa, zimesafiri kilomita chache. Za nje chukueni zile zinazovumilia safari, kama za watawa wa Ubelgiji na stauti nzito.

DadaWaKaunta

Nakuunga mkono, Mkebe440. Naongeza la usafirishaji: buti la gari lililoegeshwa juani saa mbili linafuta kazi yote ya friji ya duka. Bia inunuliwe mwisho, baada ya mboga na unga. Ikifika nyumbani isimame wima, na itulie kabla ya kufunguliwa. Tuko juu, kama mita 1,800, hewa ni nyepesi, na bia iliyotikiswa hutoa povu upesi zaidi kuliko Mombasa.

Na msiinywe kwenye baridi ya barafu. Laga nyuzi 4 hadi 7, ngano 5 hadi 8, IPA 7 hadi 10, stauti 10 hadi 13. Stauti itoe friji dakika 20 kabla. Baridi kali huficha harufu uliyoilipia.

Kimea

La mwisho kutoka kwangu: ukishafungua ukakuta kasoro, itambue kwa jina, maana kila harufu ina chanzo chake. Kicheche ni mwanga. Kadibodi ni uzee na hewa. Siagi ya bisi kwenye laga ni hamira iliyoondolewa kabla ya kumaliza kazi, au mabomba machafu. Tufaha bichi ni bia changa iliyoharakishwa. Mahindi ya kuchemsha ni maji ya kimea yasiyochemshwa vya kutosha. Siki kwenye bia isiyoandikwa “sour”, tena inayotoka kwa kishindo, ni vijidudu. Mbili za kwanza mara nyingi zinatokea njiani au dukani, zinazofuata ni za mpikaji, na siki inaweza kuwa ya yeyote.

Usiimwage. Onja mara mbili, bakiza zaidi ya nusu, funga kwa kizibo kile kile au funika mkebe kwa nailoni na raba, uirudishe siku hiyo hiyo au kesho yake na risiti. Ukisema “mbaya” tu, utaambiwa ni ladha yake. Ukisema “inanuka kadibodi, imejazwa miezi minane iliyopita, tazama hapa kitako”, mhudumu ana cha kumpelekea msambazaji, na mikebe mingine ya mzigo ule inaondolewa rafuni.